Tulivyopiga filamu ya mashetani Ujiji kwa karabai moja

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na vikao vya familia, Kigoma mjini na vitongoji vyake. Kamera moja, lenzi mbili, maiki ya kubana kwenye kola, stendi na kompyuta ya kuhariria ndivyo vinavyoilisha nyumba yangu. Vyombo hivyohivyo ndivyo nilivyotengenezea filamu yangu ya kutisha, Taa Iliyozidi. Fedha taslimu iliyotoka haikufika shilingi milioni mbili, na sehemu kubwa iliishia kwenye chakula, mafuta ya jenereta na nauli za bodaboda. Vijana wa Kasulu, Uvinza na Kibondo wananiuliza iliwezekanaje, kwa hiyo naandika.

Kilichonisumbua kuliko fedha ni skripti. Filamu za mashetani tulizokua tukiziangalia mtaani karibu zote zina mtu nyuma ya shetani, na mtu huyo huwa ni bibi kizee wa nyumba ya mwisho, kanga imechakaa, macho mekundu. Yeye ndiye kamtuma jini, na mwisho wa filamu anapigwa au anachomwa, watazamaji wanashangilia. Huku magharibi na kanda ya ziwa tunajua mambo hayo yanaishia wapi. Akina bibi wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho hayohayo, na wekundu ule ni wa moshi wa jiko la kuni waliloliinamia tangu wakiwa wasichana. Nilikataa kabisa kutengeneza kitu ambacho mtoto wa jirani akikiona jioni, asubuhi atamwangalia bibi yake kwa jicho jingine. Nilitaka watu waogope kwelikweli, ila woga wao usimwangukie mtu yeyote.

Basi nikatafuta shetani asiye na sura. Nilimpata ziwani, Ziwa Tanganyika. Ukisimama ufukweni usiku wa giza, Ujiji, Katonga au Kibirizi, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda majini mpaka mgeni anauliza ule ni mji gani. Mwenye mtu wake ziwani huziangalia zile taa kabla ya kulala. Nikajiuliza: je, usiku mmoja ikizidi moja? Taa ambayo chini yake hakuna mtumbwi. Hadithi yote ilitoka hapo. Wavuvi wanaisogelea wakidhani mwenzao kakwama, wanarudi alfajiri wakiwa wazima, wanasalimia, wanakula, lakini kuna kitu wamerudi nacho. Mji unabadilika nyumba kwa nyumba, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Ziwa lenyewe lilinisaidia kuandika. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal pekee. Kuna babu ndani ya filamu anayewaambia wajukuu wake kwamba maji haya hayarudishi kitu, yamerudisha meli moja tu. Anasema juu ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi na ikaibuliwa mwaka 1924. Mjukuu anamuuliza, "Babu, ilirudi peke yake?" Babu hajibu. Maneno hayo yalinigharimu karatasi tu, na nayapenda kuliko tukio lolote lenye mayowe.

Kibali nilianza kukishughulikia mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 inataka uwe na kibali kabla ya kupiga, na filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Nilianzia kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Yeyote anayeanza, aanzie kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake, ataelekezwa.

Kibali cha karatasi hata hivyo hakitoshi unapotaka kupiga mayowe ya mashetani usiku katika mji wa dini kama Ujiji. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa vijana wa ulinzi shirikishi, kisha kwa mzee mmoja anayeheshimika, ambaye watu humwita wakipata mgonjwa wa mapepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mnataka kucheza na mashetani."

Nilimsimulia filamu yote, toka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Huyo wa kwenye taa, mmempa jina?"

"Hapana mzee, hana jina."

"Basi msimpe. Na maneno ya kumpunga msichukue ya kweli, tungeni yenu. Aya msizichezee."

Tulifuata masharti yote matatu, na baadaye yeye mwenyewe akawatuliza waliokuja kulalamika. Nashukuru kwamba nilimwendea kabla ya kuwasha kamera. Pia masharti yake yaliiboresha filamu: shetani asiye na jina humwogopesha mtu kuliko mwenye jina, maana hujui umwombee nini wala umfukuze vipi.

Sasa ugumu wa kweli: waigizaji. Nilitaka wavuvi wenyewe, kwa sababu mikono ya mtu anayevuta nyavu kila usiku haiigiziki. Lakini dagaa huvuliwa kwenye giza, taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kukaa na familia zao. Maana yake, usiku wenye giza ninalolitaka wao wako ziwani, na usiku waliopo nyumbani ziwa linang'aa. Nilizunguka na jambo hili mpaka mvuvi mmoja aliponifafanulia kile anachokijua kila mmoja wao: baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linazama kwenye milima ya Kongo kama saa 1 jioni. Siku ya tatu baada ya mpevu mwezi unakuja yapata saa 3:30 usiku. Kati ya hapo una giza safi, na wavuvi wengi bado hawajarudi kazini. Kabla ya mpevu mambo hugeuka, mwezi unatua mapema na giza unalipata kuelekea alfajiri. Nilichora kalenda ya mwezi kwenye daftari la harusi, na matukio yote ya nje tukayapanga kwa madirisha hayo. Jua likizama kila mtu yuko mahali pake, kamera iko kwenye stendi, na hakuna anayeuliza tunaanza lini.

Taa. Siku hizi wavuvi wengi wana taa za sola, lakini nilipojaribu baadhi ya zile za bei nafuu kwenye kamera, picha ilijaa mistari inayotembea, hata nilipoiweka spidi ya shata kwenye 1/50 ya sekunde. Karabai haina tatizo hilo kwa sababu ni moto, haiwaki na kuzimika harakaharaka kama zile. Nyumba nyingi za wavuvi bado zina karabai imetundikwa mahali, na tuliazima moja kwa mama mmoja wa Katonga ambaye mumewe alikuwa ameshahamia sola. Unajaza mafuta ya taa, unapasha kwa spiriti, unapampu, kisoksi kinawaka cheupe. Kisoksi kikishaungua kinakuwa jivu tupu lililoshika umbo, ukikitikisa kimevunjika, kwa hiyo kuibeba ilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyeaminiwa. Kuiweka majini, tulifunga madumu manne ya mawese ya lita 20 kwenye mianzi, karabai ikasimama katikati juu ya kigoda kilichopigiliwa misumari. Kamba nyeusi ya nailoni ilivutwa na vijana wawili waliojificha nyuma ya mawe, na mtumbwi wenye watu wanaojua maji ulikaa pembeni muda wote. Kwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, pana la kuingiza mwanga mwingi, ambayo wapiga picha wengi wa harusi tunayo, karabai moja inatosha kumulika nyuso tatu na kuacha kila kitu kingine cheusi. Ile taa ya shetani kwenye filamu ni hiyohiyo inayomulika chumba cha ndani katika tukio linalofuata. Hatukuwa na nyingine.

Sauti yake ndiyo iliyonipa filamu. Karabai inapowaka inafoka, *shhhhh*, na ukikaa nayo saa nzima husikii tena. Niliirekodi nyumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani, friji imezimwa, maiki karibu na kioo. Nikaitandaza chini ya kila tukio ambalo watu wako salama, kwa sauti ndogo sana. Pale ambapo kitu kinaingia, naikata. Mtazamaji hajui kilichotokea, anajua tu kwamba chumba kimekuwa kitupu. Nilihariri nikisikiliza kwa sabufa ya aina ileile inayotumika kwenye mabanda ya video, maana ukitengeneza sauti kwa hedifoni nzuri, bandani itapotea yote.

Msichana aliyecheza aliyepagawa ni wa kikundi cha maigizo cha hapa. Mama yake alikaa naye kila tulipopiga, hilo nililitaka mimi, na kabla ya kuondoka tulikula pamoja ugali wa muhogo na migebuka hadi aongee na kucheka kama kawaida yake. Nilikuwa nimemwandikia kugaragara na kutoa sauti ya kiume. Kwenye mazoezi akaketi kitandani, akanyoosha mkono, na kidole gumba kikaanza kusukuma hewani. Polepole, mbele na nyuma. Alikuwa anapampu karabai isiyokuwepo. Wavuvi waliokuwa mlangoni walinyamaza, mmoja akatoka nje. Nilifuta ukurasa mzima wa skripti palepale, na tangu hapo kila anayeingiwa katika filamu anafanya hivyo: anayekuna nazi, anayemnyonyesha mtoto, anayehesabu chenji, kidole gumba kinaanza. Damu tuliitumia katika tukio moja tu, shira ya sukari yenye rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ipate uzito.

Baada ya ukaguzi tuliionyesha bandani, Ujiji, kwa waliotimiza miaka 18. Kiingilio tuligawana na waigizaji wote, na mama wa karabai akapata fungu kama mwigizaji. Watu walipiga kelele pale nilipotarajia na pengine nisipotarajia. Lakini taa za ukumbini zilipowashwa, swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa mbele: "Sasa nani kamtuma?" Nikamwambia hakuna aliyemtuma. Hakuridhika. Mwingine akasema lazima ni yule muuza dagaa wa kwenye filamu. Mwanamke mtu mzima aliyekaa nyuma akasimama, akamuuliza amemwona wapi muuza dagaa akifanya ubaya wowote, aonyeshe ni tukio gani. Kijana akafikiri, akataja moja, wenzake wakamkatalia, wakaanza kulipitia tukio kwa tukio mpaka mwenye banda akaomba ukumbi wake. Walitoka nje bado wanabishana, na mimi nikatoka nao, kwa sababu nilitaka kusikia kama yupo atakayempata mtu wa kumlaumu. Onyesho linalofuata tunalipeleka Kasulu, na huko ziwa halipo. Nataka kuona wao watauliza nini.