Tepu ya Mholanzi

Mwaka 2014 nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba hapa Moshi. Fremu ya bluu, tairi zenye meno makubwa, na chini ya siti kibandiko kilichochanika nusu, cha duka la Utrecht, Uholanzi. Kwenye bomba la siti kulikuwa na tepu nyeusi ya umeme, imezungushwa mara mbili, na bomba lilikuwa limezama hadi tepu ilipoanzia. Nilikwisha kusikia kwamba bomba la siti lina alama, na kwamba ukilichomoa kupita alama hiyo linaweza kupinda au kupasua fremu. Nikajua alama ndiyo hiyo. Kwa miezi mitatu sikuigusa.

Kila Jumamosi nilikuwa naiendesha kwenda kumwona mama Marangu. Natoka Pasua alfajiri, napita Kiboriloni kabla soko halijachangamka, nafika Njia Panda ya Himo, kisha nakata kushoto na mlima unaanza. Kuupanda mlima ule kwa baiskeli si mchezo, hilo nililijua tangu mwanzo. Lakini mimi nilikuwa nachakaa kabla ya kuufikia. Kiboriloni tu, kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi, nakung'uta mkono kama niliyeshika kaa la moto. Njia Panda, shingo imekakamaa. Mlimani maumivu yanahamia nyuma ya goti. Yapo na mengine yaliyotokana na siti ambayo siyaandiki, maana mama husomewa mambo yangu na wajukuu.

Yeye alikuwa akinitazama nikishuka uani kwake nimejipinda, kisha ananikumbusha marehemu baba. "Baba yako alikuwa anakwenda Rombo na Phoenix yake na kurudi siku hiyo hiyo. Sijamsikia akitaja goti."

Nikakubali kwamba tatizo ni mimi. Miaka 38, kazi ya kusimama ubaoni na kukaa kusahihisha madaftari, chapati mbili kila asubuhi. Nikaanza kunyoosha viungo alfajiri. Nikanunua na kifuniko cha siti chenye sponji nene. Wiki ile maumivu yakazidi, nami nikalaumu chapati.

Kwa fundi sikwenda kwa ajili ya maumivu. Nilikwenda kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa inapiga kelele. Mzee huyo alikuwa na kijiwe chini ya mwarobaini, sanduku moja la mbao na beseni la maji la kutafutia pancha. Nikashuka, nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama siti.

"Mwalimu, nimekuona unavyokuja. Unakata viuno kama uko harusini. Hebu panda tena, nikutazame kwa nyuma."

Nikapanda hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi, vijana wa bodaboda wakicheka. Akasema siti iko juu, kila nikikanyaga pedeli inabidi nyonga ishuke kuifuata. Halafu akatoa kisu akaanza kuibandua ile tepu.

Nikamzuia. Nilimweleza, kwa sauti yangu ya darasani kabisa, kwamba ile ni alama ya kiwandani.

Hakubishana. Alilegeza nati, akalichomoa bomba lote, akalifuta kwa kitambaa, akanionyesha mistari iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, chini kabisa, mbali na tepu. "Ya kiwanda hii hapa. Hii lazima izame ndani ya fremu. Hiyo tepu yako ameiweka mwenye baiskeli. Kwenye mteremko alikuwa anashusha siti, akimaliza anairudisha hapo. Huo ni mguu wa mtu, mwalimu."

Miezi mitatu nimeendesha baiskeli juu ya mguu wa mtu. Na kile kifuniko cha sponji kilikuwa kimeniongezea kimo juu ya kimo.

Nilidhani tungemaliza palepale, lakini alitazama kandambili zangu akakataa kupima. Nikarudi nyumbani kuvaa raba ninazosafiria. Niliporudi aliniegemeza ukutani kwa muuza vifaa vya ujenzi, nikiwa nimekaa juu ya siti. Kisigino juu ya pedeli, pedeli chini kabisa: mguu unyooke bila kujinyoosha. Alipandisha na kushusha mara nne. Kisha akaniambia nikanyage kwa mahali pa kukanyagia, yaani pale panapoanzia vidole, na goti likabaki na mkunjo mdogo. "Liwe na nafasi ya kupumua," alisema. Futi yake ilisema tumeshuka sentimita 4.5.

Akafunga nati kwenye uzi, akaweka pedeli ya mbele usawa na ya nyuma, akaushusha uzi kutoka mbele ya goti langu. Nati ikaning'inia nyuma ya ekseli ya pedeli, basi siti ikasogezwa mbele kidogo. Pua ya siti ilikuwa imeinuka. Akaazima pimamaji dukani akailaza. Kwenye sanduku akapekua akapata kile kipande kinachoshika usukani, kifupi kuliko cha kwangu, akabadilisha. Nikaona viwiko vyangu vimekunjika kwa mara ya kwanza. Mwisho akazungusha vishikio vya breki viinamie chini, ili kiganja kisipinde kwenda kuvitafuta. Ganzi ya vidole, alisema, ilitoka huko: nilikuwa nimeulalia usukani kwa uzito wote, viganja vimekunjwa. Alinidai elfu tano, pamoja na kile kipande. Breki nayo iliacha kelele, kama kuna anayejali.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ugonjwa huo hauponi. Baadaye nilikuja kujua kanuni ya waendesha baiskeli: pima mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, zidisha kwa 0.883, utapata umbali wa kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungushwa na mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Mguu wangu ni sentimita 76, jibu 67. Nikapima kazi ya mzee: 67 na nusu. Nikaigeuza kanuni kumtafuta mwenye tepu. Siti yake ilikuwa kwenye 72, gawanya kwa 0.883, mguu sentimita 81 na nusu. Nilikuwa nimejijengea picha ya jitu, kumbe alinizidi sentimita tano na nusu tu. Huenda hata alikuwa mwanamke.

Jumamosi iliyofuata nilitoka saa kumi na mbili kamili. Kiboriloni nikapita. Njia Panda nikanywa chai, nikashangaa nimeshika kikombe kwa vidole vyote vitano. Mlimani mapaja yaliwaka moto vilevile, na mahali pawili nilishuka nikasukuma, sitadanganya. Marangu niliiegemeza baiskeli kwenye mgomba nje ya uzio, nikaingia uani kwa miguu.

Mama alikuwa anachambua maharage. Akanitazama nikitembea hadi nikamfikia.

"Leo umekuja na Hiace?"