Kontena nne za kufuatilia Wikipedia ya Kiswahili papo hapo

Kwa muda mrefu nilitamani kuona makala za Wikipedia ya Kiswahili zikihaririwa saa ileile zinapohaririwa, si kusoma orodha yake siku ya pili. Wikimedia hutoa huduma ya wazi iitwayo EventStreams, ambayo humwezesha mtu yeyote kuunganisha programu yake kwa HTTP na kupokea kila badiliko la miradi yao katika muundo wa JSON, muda mfupi tu baada ya mhariri kuhifadhi kazi yake. Kwa kuwa nilikuwa nikitafuta pia kisingizio cha kujifunza Kafka (programu inayopokea ujumbe kutoka programu moja na kuutunza hadi nyingine iusome) ndani ya Docker (inayoendesha kila programu katika boksi lake la pekee, liitwalo kontena), niliona kazi na zana zimekutana. Nikiri mapema kwamba kwa mabadiliko ya Kiswahili peke yake skripti moja fupi ingetosha, na anayetaka matokeo tu hana haja ya kuhangaika kama nilivyohangaika mimi.

Mpangilio wangu una kontena nne zilizoelezwa katika faili moja la Docker Compose. Ya kwanza ni mkusanyaji, programu ya Python inayosikiliza mtiririko wa Wikimedia na kupeleka kila badiliko Kafka. Ya pili ni Kafka yenyewe. Ya tatu ni mchakataji, anayesoma kutoka Kafka, kuchuja na kuhesabu. Na ya nne ni hifadhidata ya PostgreSQL. Kafka ilizaliwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na kufanywa programu huria mwaka 2011, na kwa miaka mingi haikuweza kusimama bila mwenzake ZooKeeper aliyetunza kumbukumbu za nani kiongozi na nani mfuasi kati ya seva zake. Toleo la 4.0 la mwaka 2025 lilimwondoa kabisa, hivyo anayeanza leo akikutana na maelekezo yanayotaka kontena ya ZooKeeper ajue kwamba anasoma mambo ya zamani.

Jambo lililonila siku mbili nzima ni anwani. Mkusanyaji alikuwa akiifikia Kafka vizuri kwa sekunde moja, kisha anakatika na kulalamika kwamba hakuna mtu kwenye `localhost:9092`, ilhali mimi nilikuwa nimemwandikia waziwazi `kafka:9092`. Nilibadilisha malango, nikafuta kontena zote na kuziunda upya, nikailaumu hata ngome ya mtandao ya kompyuta yangu, bure. Kumbe programu inapojiunga na Kafka hutumia anwani uliyoipa kwa salamu ya kwanza tu, kisha seva humjibu, "kuanzia sasa nitafute hapa," na hiyo "hapa" ndiyo inayoandikwa katika mpangilio wa `advertised.listeners`. Yangu ilikuwa imeandikwa `localhost`, yaani "mashine hii hii," na ndani ya kontena neno hilo humaanisha kontena yenyewe. Ni sawa na kumpigia mwenyeji wako simu kumuuliza unamkuta wapi, naye akakujibu "nipo nyumbani," nawe ukageuza njia ukarudi kwako. Dawa yake ni kuipa Kafka milango miwili: mmoja unaotangazwa kwa jina la `kafka` kwa ajili ya kontena wenzake, na mwingine wenye lango tofauti unaotangazwa kwa `localhost` kwa ajili ya programu zinazoendeshwa nje, kwenye kompyuta yenyewe.

Baada ya hapo mkusanyaji akapeleka data bila shida, lakini mchakataji akabaki ameduwaa, hana kosa wala jibu. Sababu ilikuwa kwamba Kafka hutunza alama za wasomaji, yaani kila msomaji amefika ujumbe wa ngapi, katika mada yake ya ndani (mada ni orodha ambamo Kafka huweka ujumbe wa aina moja), na kwa kawaida hutaka mada hiyo iwe na nakala 3 katika seva tofauti. Mwenye seva moja lazima aishushe idadi hiyo hadi 1 kwa mkono. Ukimya wa mchakataji ulinichanganya zaidi kwa sababu Python ndani ya kontena hulimbikiza maandishi yake kabla ya kuyatoa, na hadi nilipoweka `PYTHONUNBUFFERED=1` kumbukumbu za kontena zilikuwa tupu kama daftari jipya.

Hata hivyo, si kila ukimya ni ubovu. Katika mtiririko mzima hupita makumi ya mabadiliko kwa sekunde, lakini ukichuja na kubakiza yale ambayo uga wa `wiki` unasema `swwiki`, dakika kadhaa zinaweza kupita bila kitu. Jioni ya kwanza nilizima na kuwasha kila kitu mara tatu, kabla ya kutambua kwamba mitambo ilikuwa mizima ila hakuna aliyekuwa anahariri. Tangu hapo ninaujaribu mfumo kwa Wikipedia ya Kiingereza kwanza, ambayo hailali.

Ufunguo wa kila ujumbe niliufanya kuwa jina la makala. Kafka huigawa mada katika vipande viitwavyo vigawe, na ujumbe wenye ufunguo mmoja huenda kigawe kimoja. Hulinda mpangilio ndani ya kigawe kimoja tu, wala si katika mada nzima, na nilipokuwa natuma bila ufunguo, uhariri na utenguzi wake vilikuwa vikiangukia vigawe tofauti, na wakati mwingine utenguzi ukasomwa kwanza.

Kuhusu saa, ninahifadhi kila kitu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kugeuza wakati wa kuonyesha tu. Siku ya UTC huanza saa tisa usiku kwa majira ya Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu yangu ya awali ya "mabadiliko ya leo" iliyahesabu ya saa saba na saa nane usiku kuwa ya jana. Anayetaka kuonyesha saa kwa Kiswahili ana saa sita nyingine za kuondoa, na hizo hakuna maktaba ya programu niliyoikuta ikiniondolea.

Wikimedia hukata muunganisho kila baada ya dakika 15 hivi, na huo ndio utaratibu wao. Mkusanyaji anapojiunga tena hutuma kichwa cha `Last-Event-ID`, kinachotaja tukio la mwisho alilopokea, na kuendelea alipoishia, ila ujumbe mmoja au miwili huweza kuja mara ya pili. Badala ya kupambana na hilo ndani ya Kafka, nimeufanya utambulisho wa tukio kuwa ufunguo mkuu wa jedwali la PostgreSQL, na maingizo yanayojirudia hupuuzwa kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`.

Juzi umeme ulikatika hapa kwangu, na betri ya kompyuta hii ya zamani haina tena nguvu ya kuihimili hata robo saa. Uliporudi niliiwasha kompyuta nikaenda kupika. Docker iliziamsha kontena zote nne yenyewe, mchakataji akajaribu tena na tena hadi Kafka ilipokuwa tayari, na nilipokuja kuangalia, jedwali lilikuwa limeshajaza pengo lote la saa ya giza, bila safu hata moja iliyojirudia.