Daftari la Walioondoka

Lilikuwa daftari la shule la kawaida, jalada la buluu, pembe zimejikunja, limefungwa kwa lastiki ili karatasi zilizochomekwa ndani zisianguke. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanaume waliowahi kuichezea timu yetu na sasa wanachezea timu za watu wengine. Kila Jumatatu asubuhi Bibi alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja: huyu ameushika mpira mara ngapi, yule amefunga mangapi, nani ameumia. Akishapata anaandika kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo ndogo zilizolala upande mmoja.

Bibi mwenyewe si wa damu. Alikuwa jirani yetu Braybrook, magharibi mwa Melbourne, mjane wa Kizungu aliyeishi peke yake na mti wa ndimu. Tulifika pale mwaka 2010 kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wa Kongo kule Kigoma, mimi nikiwa na miaka 13. Mama alitukataza kabisa kumwita kwa jina lake kama walivyofanya watoto wengine wa mtaa. "Mtu wa umri ule utamwitaje jina kama mwenzako? Ni bibi yenu." Basi akawa Bibi. Mdogo wangu akamfundisha kuitikia marahaba, na hadi leo sijasikia mtu anayeitikia shikamoo kwa furaha kama yeye.

Yeye naye akatupa timu. Klabu ya Footscray, ambayo tangu mwaka 1997 inaitwa Western Bulldogs, ina makao yake Whitten Oval, uwanja wake wa zamani, mwendo mfupi tu kwa basi kutoka kwetu. Ilikuwa imechukua ubingwa mara moja tu, mwaka 1954. Siku ile Bibi alikuwa na miaka saba, juu ya mabega ya baba yake. Mwaka 1989 wakubwa wa ligi walitaka kuiunganisha na Fitzroy, klabu nyingine ya Melbourne, na mashabiki wakapita nyumba kwa nyumba na makopo wakichangisha pesa mpaka klabu ikapona. Bibi alikuwa mmoja wao. Kopo lake lilikuwa bado juu ya friji, analiwekea vibanio vya nguo.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, mpira wa miguu wa Kiaustralia: mpira una umbo la yai, uwanja nao ni kama yai, kila upande watu 18, na kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu, ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya mrefu na mfupi, pointi moja. Unaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao, lakini kumpa mwenzako lazima uupige, kwa mguu au kwa ngumi. Mara ya kwanza nilidhani wanapigana. Mara ya pili nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Mchezaji wangu alikuwa Callan Ward. Kijana wa Spotswood, hapo hapo magharibi kwetu, mtu wa kuingia kwa kichwa pale ambapo wengine wanaingia kwa mguu. Nilikata picha yake gazetini nikaibandika juu ya kitanda. Mwisho wa msimu wa 2011 akaondoka. Ligi ilikuwa inaanzisha timu mpya Sydney, Greater Western Sydney, wao wanajiita Giants, na timu mpya iliruhusiwa kuwasajili wachezaji wa klabu nyingine ambao mikataba yao imekwisha. Ward alikuwa na miaka 21. Wakamfanya mmoja wa manahodha wao.

Niliibandua ile picha nikaipeleka kwa Bibi, nimeikunja mkononi. Nililia. Nilisema maneno ambayo Mama angeyasikia ningekiona cha moto. Bibi hakunibembeleza. Aliitandaza picha juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala, akaichomeka kwenye daftari. Kisha akafungua ukurasa akaandika: Ward, Sydney. Juu yake palikuwa na Harbrow, aliyekwenda timu nyingine mpya ya Gold Coast mwaka mmoja kabla.

"Sasa tutakuwa na kazi zaidi Jumatatu," akasema.

Na kazi ikaongezeka kweli. Brian Lake akaenda Hawthorn, na mwaka 2013 akawa mchezaji bora wa fainali kuu. Bibi alipiga mstari chini ya jina lake mara tatu, akapika keki. Mwaka 2014 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Adam Cooney alikwenda Essendon, Shaun Higgins akaenda North Melbourne, na nahodha wetu Ryan Griffen akaomba ahamie huko huko kwa Giants. Watu wetu walitukana, wengine walisema jezi zao wanazichoma. Mimi nilikuwa kundi hilo la hasira, sifichi. Bibi alichonga kalamu.

Nilikulia mahali ambapo majina ya wanaoondoka yalibandikwa ubaoni. Unaamka, unakwenda kusoma, unaliona jina la rafiki yako na familia yake, na baada ya siku chache basi linakuja alfajiri. Unasimama kwenye vumbi unapunga mkono. Wewe unabaki na foleni ya unga na maharage. Nilijifunza mapema kutotaja tena jina la mtu aliyeondoka, kwa sababu kila ukilitaja unajikumbusha kuwa wewe bado upo. Ndiyo maana lile daftari lilinitesa. Sikuelewa kwa nini mtu mzima ajitafutie maumivu hayo kila Jumatatu, tena kwa hiari.

Mwaka 2016 tukamaliza msimu katika nafasi ya saba. Hakuna aliyetutarajia mbali. Tukashinda kule Perth, tukawatoa Hawthorn waliokuwa mabingwa, na ghafla tuko kwenye nusu fainali, Jumamosi ya tarehe 24 Septemba, ugenini Sydney. Dhidi ya Giants, timu ya Ward.

Bulldogs walikuwa hawajaingia fainali kuu tangu 1961. Nusu fainali tulizipoteza saba mfululizo, ya kwanza 1985, na Bibi alizijua zote, dakika na majina ya waliokosa. Akasema anakwenda. Daktari wake hakupenda, binti yake hakupenda. Mama akaniambia, "Mfuate, asiende peke yake," akatufungia chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa.

Basi liliondoka saa kumi alfajiri. Kutoka Melbourne hadi Sydney ni karibu kilomita 880, na siku ile barabara ya Hume ilikuwa yetu: skafu nyekundu, nyeupe na buluu zinapepea madirishani, magari yanapigiana honi, familia nzima zimebanana kwenye gari dogo moja. Karibu na Gundagai kuna sanamu ya mbwa aliyekaa juu ya sanduku la chakula, ni maarufu nchi nzima. Madereva wote walisimama hapo, kana kwamba wameamriwa. Mtu mmoja alikuwa amemvisha yule mbwa skafu yetu. Bibi alimgusa pua, akarudi kwenye basi bila kusema neno. Mkoba wake ulikuwa mapajani safari nzima, na niliujua uzito wake: miwani, dawa za presha, daftari.

Uwanja wao si mkubwa, unachukua watu elfu ishirini na kidogo, na sisi tulikuja wengi mno. Ukifumba macho ungesema uko Footscray. Walipotoka wachezaji nilimtafuta Ward kabla ya kuwatafuta wa kwetu. Jezi ya rangi ya chungwa, namba nane mgongoni. Sikuwa nimemwona kwa macho kwa muda mrefu. Alikuwa amejaza mabega, lakini ile namna yake ya kuinama mbele, kama mtu anayepanda kilima, ilikuwa ile ile.

Mechi ilikuwa ngumu tangu filimbi ya kwanza. Mpira ukadondoka katikati ya watu, Ward akauingilia chini kama ilivyo desturi yake, na Zaine Cordy wa kwetu akafika kwa kasi akashindwa kujizuia. Goti likampata Ward kichwani. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake, ni mchezo. Lakini alianguka vile anavyoanguka mtu ambaye hayupo tena ndani ya mwili wake, mikono haikujaribu hata kumkinga.

Nyuma yetu mwanaume mmoja mwenye skafu yetu alipiga makofi. "Mmoja amepungua!"

Bibi aligeuka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo wala baada ya hapo. "Huyo ni mtoto wa Spotswood!" Basi, hayo tu. Halafu akasimama, mwanamke wa miaka 69 na goti bovu, akakaa wima hivyo hivyo akiukumbatia mkoba mpaka walipomwinua Ward na kumtoa. Yule mwanaume alishusha mikono. Baada ya muda nilihisi ananigusa begani, ananipa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake. "Mpe bibi yako," akasema. Hakuuliza imekuwaje huyu awe bibi yangu.

Nami nilikuwa nimesimama. Machozi yalikuwa yananitoka kwa ajili ya mtu niliyeibandua picha yake kwa kucha miaka mitano nyuma. Ward hakurudi tena uwanjani siku ile.

Robo ya mwisho siwezi kuisimulia kwa mpangilio. Walitutangulia, tukawafikia, wakatutangulia tena. Bibi aliacha kutazama. Alinishika kiganja cha mkono, vidole vyake vina baridi, mishipa imesimama, kila mara anauliza, "Uko wapi? Mpira uko wapi?" na mimi namtangazia kama redio tulizosikilizia mechi za Simba na Yanga kambini. Uko kwetu. Uko kwao. Uko kwa Macrae, Bibi, Macrae anapiga. Jackson Macrae akapiga, ukapita katikati, tukawa mbele. Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Hume. King'ora kilipolia ubao ulisoma 89 kwa 83. Wazee wa kiume walikaa chini kwenye ngazi wakaficha nyuso kwenye skafu zao. Bibi alisema jina la baba yake.

Juma lililofuata tukawafunga Sydney Swans katika fainali kuu, miaka 62 baada ya ile ya mabegani, na kocha Luke Beveridge akaivua medali yake akamvalisha Bob Murphy, nahodha aliyekosa mechi kwa jeraha la goti. Hayo yameandikwa sana, sina la kuongeza. Mimi ninayoikumbuka zaidi ni safari ya kurudi.

Basi lilikuwa giza, watu wamelala midomo wazi, sauti zimekauka kwa kuimba. Tulikuwa tumeipita Goulburn. Bibi aliniomba nimmulikie kwa simu. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa Ward, akatazama picha yenye mikunjo, akaandika tarehe na maneno mawili: ameumia kichwa. Akaacha nafasi chini yake, kwa habari za kesho.

Ndipo nikamuuliza. Nilimwambia habari ya ubao wa majina, na vumbi, na mabasi ya alfajiri, na kwamba mimi nikiwaaga watu nilikuwa nimemaliza nao. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu yeyote wa nchi ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaligeuza daftari, akalifungua kwa nyuma, ambako kurasa zilikuwa tupu, akanipa kalamu.

"Andika wa kwako," akasema. "Jina, na mahali alipo. Habari tutatafuta."

Niliandika majina kumi na moja. Mapacha waliopelekwa Norway. Mwalimu wangu wa hesabu, Kanada. Rafiki yangu tuliyekuwa tukichota naye maji, Denver, Marekani. Watatu sikujua waliko, nikaacha nafasi kama alivyofanya yeye.

Daftari hilo sasa liko kwangu. Ward alipocheza mechi yake ya 300 mwaka 2024, bado kwa Giants, niliiandika mimi. Mwaka huo huo Josh Dunkley, kijana wetu wa 2016, alitwaa ubingwa akiwa na Brisbane, nikapiga mstari mara tatu.

Lakini Jumatatu ile baada ya Sydney lilikuwa bado mezani kwa Bibi, katikati ya gazeti na birika. Alimaliza wa kwake. Ilisemekana Ward anaendelea vizuri. Akageuza daftari, akashusha miwani.

"Na huyu wa Denver? Ana habari gani?"

Nilikuwa sijawasiliana naye kwa zaidi ya mwaka. Nikatoa simu pale pale mezani nikaandika: Shoga, mzima?

Alijibu kabla chai haijapoa.