Kumbukumbu ya mradi: pilipili hoho za ndoo zilizodumaa na kugeuka njano

Ndoo 6 za lita 20, mbegu ya aina moja, miche yote imehamishwa siku moja ikiwa na wiki 6. Siku zinahesabiwa tangu kuhamishwa. Siku ya 28 mche wa ndoo ya 6 una sentimita 34 na umeshaanza kutoa vitumba vya maua. Mingine mitano iko kati ya sentimita 14 na 19, na yote ina umanjano.

Mchanganyiko wa msingi ni udongo sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1 na mchanga mkavu sehemu 1, lita 16 kwa kila ndoo. Ila ndoo hazikufanana kabisa. Ndoo ya 1, 2 na 3 zina kokoto za kina cha sentimita 5 chini, na matundu 4 ya milimita 6. Ya 4 ilikosa mchanga wa kutosha, ikafidiwa kwa lita 2 za vumbi la mbao bichi. Ya 5 ilitiwa konzi 2 za majivu ya kuni wakati wa kupanda, na 2 nyingine siku ya 15 kwa ajili ya kufukuza wadudu. Ya 6 haina kokoto na ina matundu 10 ya milimita 10. Maji ni lita 1 kila asubuhi kwa kila ndoo, iwe imekauka au haijakauka. Hilo nalo ni kosa, litaonekana mbele.

Siku ya 28: tiba ya pupa

Njano ikasomwa kuwa njaa ya naitrojeni, basi. Yurea gramu 2 katika lita 1 ya maji, kwa kila moja ya zile ndoo tano.

Siku ya 34

Ndoo ya 4 imeitikia: majani mawili mapya ya kileleni ni kijani cha kueleweka. Ya 5 haijabadilika hata kidogo. Ya 1 hadi 3 zimekuwa mbaya zaidi, majani yamelegea ilhali udongo umelowa, na ncha zimeungua. Sababu ya kuungua si fumbo. Yurea hugeuka amonia ndani ya siku chache, na vijidudu vinavyoigeuza amonia kuwa naitrati vinahitaji hewa. Udongo uliojaa maji hauna hewa, kwa hiyo amonia inarundikana palepale kwenye mizizi.

Dawa moja, majibu matatu. Hapo ndipo ilibidi kurudi mwanzo na kupima.

Siku ya 35: njano imeanzia wapi?

Kabla ya kutazama rangi yenyewe, tazama mahali. Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua, unavinyonya kutoka majani ya chini na kuvipeleka kileleni, hivyo njano huanzia chini. Chuma hakihamishiki, kwa hiyo kikikosekana majani machanga ndiyo yanayopauka. Salfa nayo huonekana zaidi juu, ila jani hupauka lote pamoja na vishipa vyake.

Ndoo ya 4: majani ya chini yamekuwa njano jani zima, vishipa na nyama yake, kisha yakaanguka. Hiyo ni naitrojeni. Ingekuwa magnesiamu, vishipa vingebaki kijani na njano ingekaa katikati yake. Potasiamu ingeanza na kingo zilizoungua.

Ndoo ya 5: majani ya chini ni mazima. Ya kileleni ni njano inayokaribia weupe, na vishipa vimechoreka kijani kama wavu mwembamba. Chuma.

Ndoo ya 1 hadi 3: njano imetapakaa bila mpango, chini zaidi lakini hata katikati, na majani yamejikunja kuelekea chini. Picha ya namna hii haielekezi kwenye kirutubisho chochote. Ukiikuta, acha majani, shuka kwenye mizizi.

Wadudu walikaguliwa siku hiyohiyo. Karatasi nyeupe chini ya jani, jani likagongwa mara tano: chembe zinazotembea ni utitiri. Hakuna kilichotembea. Juu ya udongo wa ndoo ya 1 na 2 kulikuwa na vijinzi vyeusi vidogo, vile vinavyopenda udongo usiokauka.

Siku ya 36: mizani na maji yanayotoka chini

Kila ndoo ilipimwa kwa mizani ya kuning'iniza saa moja baada ya kumwagiliwa, kisha tena baada ya saa 24. Ya 6 ilishuka kutoka kilo 18.5 hadi 17.6. Ya 1 ilikuwa kilo 20.5, na kesho yake 20.3. Gramu 200 tu kwa siku nzima. Mche haunywi, na maji mapya yanaletwa kila asubuhi.

Kupima udongo bila kuufukua: mwagilia kawaida, subiri saa moja, inua ndoo juu ya vijiti viwili ndani ya sinia, kisha mimina maji ya mvua polepole hadi yatoke kama mililita 100. Hayo yaliyotoka ndiyo ya kupima. Tumia ya mvua kwa sababu hayana chumvi zake. Kipima pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni ualkali) kisawazishwe kwanza kwa vimiminika vya 4 na 7. Kisiposawazishwa ni pambo. Vile vya kuchomeka udongoni viachwe dukani, namba zake huyumba kufuata unyevu.

Ndoo ya 6 ilitoa pH 6.5, ya 4 ikatoa 6.4, ya 1 ikatoa 6.9. Ya 5: 8.1. Pilipili hoho hupenda kati ya 6.0 na 6.8. Kwenye 8.1 chuma kipo tele udongoni, ila kimejifunga katika hali ambayo mzizi hauwezi kukiyeyusha. Majivu ndiyo yaliyopandisha pH. Kuongeza mbolea hapo ni kumpakulia chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Siku ya 38: mizizi

Ndoo ya 1 ilifunguliwa. Ilazwe ubavu, igongwe kuzunguka, bonge litoke zima, usivute shina. Sentimita 12 za juu zilikuwa na mizizi myeupe michache. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, unanuka yai viza, na mizizi ya kahawia. Ukishika mzizi wa namna hiyo kwa vidole viwili na kuvuta kidogo, ganda lake huvuka kama soksi na kubakiza uzi mwembamba wa ndani. Mzizi mzima haufanyi hivyo. Vifundo vya minyoofundo, minyoo midogo inayovimbisha mizizi, havikuwapo.

Sasa kuhusu kokoto, maana watu wengi bado wanaziweka kwa nia njema. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Tabaka la kokoto haliondoi ukanda wenye maji, linaupandisha tu, sentimita 5 karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni matundu mengi na mchanganyiko wenye chembe kubwa kutoka juu hadi chini.

Siku ya 39: matibabu

*Ndoo ya 1 na 2.* Mizizi iliyooza ilikatwa kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Miche ilihamishiwa vyungu vya lita 8, si ndoo kubwa tena, kwa sababu mizizi michache kwenye udongo mwingi huurudisha ugonjwa uleule. Mchanganyiko mpya: udongo 1, mboji 1, mchanga wa chembe kubwa 1. Theluthi ya majani ilipunguzwa, kivuli siku 4, mbolea hakuna kwa siku 14. Maji hutolewa chungu kikipungua robo ya uzito wake wa kushiba. Ndoo ya 3 iliachwa ilivyo, iwe ya kulinganishia.

*Ndoo ya 4.* Vijidudu vinavyoozesha vumbi la mbao hupora naitrojeni ya udongo, kwani mbao ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Kwa lita 2 za vumbi, takriban nusu kilo, gramu 10 za yurea zinatosha kuziba pengo, lakini kamwe si kwa mkupuo. Gramu 2 zilishaingia siku ya 28. Zimebaki dozi 4 za gramu 2 katika lita 2 za maji, moja kila siku 6.

*Ndoo ya 5.* Kwanza uthibitisho. Salfeti ya feri (chumvi ya chuma) gramu 1 katika lita 1 ya maji, tone la sabuni, na brashi ndogo. Jani moja la njano likapakwa nusu upande mmoja wa mshipa mkuu, jioni, na nusu ya pili ikaachwa. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo; ukigeuka rangi ya kutu umeshaharibika.

Siku ya 45

Nusu iliyopakwa imekuwa kijani, yenye madoadoa pale brashi ilipokosa. Nusu nyingine bado njano. Kesi imekwisha: ni chuma.

Majivu ya juu yalikwanguliwa, ndoo ikasuuzwa kwa lita 30 za maji ya mvua. pH ilishuka hadi 7.7 tu, kwa sababu chokaa ya majivu haiyeyuki kirahisi. Ikafuata chuma cha kubebwa, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokizuia kujifunga udongoni, gramu 1 katika lita 2. Hapa soma lebo vizuri, uone ni kemikali gani inayokibeba. Chuma cha EDTA hukatika pH ikipita takriban 6.5, cha DTPA hufika kama 7.5, na kwenye udongo wa namna hii ni EDDHA pekee kinachofaa. Utakijua, hugeuza maji mekundu kama juisi ya rosela.

Siku ya 63

Ndoo ya 4 ina sentimita 31 na maua. Majani ya chini yaliyogeuka njano hayakurudi na hayatarudi. Yaliachwa yaanguke yenyewe, maana mmea ulikuwa bado unayanyonya. Kipimo cha kupona ni majani mapya tu.

Ndoo ya 5: majani 6 mapya ni kijani, urefu sentimita 27. Chuma kitarudiwa siku ya 75 ikiwa kilele kitapauka tena, na huenda kikapauka.

Ya 1 imetoa machipukizi na mizizi myeupe inachungulia matunduni. Ya 2 iko hai lakini haijasogea, sentimita 16, ileile ya siku ya 38. Ya 3 ilinyauka siku ya 57. Bonge lilipotolewa, kokoto zilikuwa zinaogelea, na matundu mawili kati ya manne yalikuwa yamezibwa na udongo laini uliochujika kutoka juu.