Jinsi nilivyorekebisha taimingi na valvu za Honda 90 ya zamani

Pikipiki ya marehemu baba ilipotoka gereji ikiwa imewekwa ringi mpya, iliwaka kwa shida, ikapiga mlio wa kokoto kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini) na kushindwa kupanda mlima hata kwa gia ya kwanza. Nilifungua kabureta mara mbili bila mafanikio, nikaamua kuanza upya kwenye taimingi, yaani mpangilio wa wakati wa valvu kufunguka na kufunga, injini ikiwa imepoa usiku kucha.

Nilitoa plagi, nikafungua kifuniko cha magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini) na kile cha spoketi, gia ya cheni inayozungusha kamshafti, shafti ya kufungulia valvu, kisha nikazungusha magneti taratibu kinyume cha saa hadi alama ya T ikalingana na alama ya kwenye bloku, pistoni ikiwa juu katika mzunguko wa kukandamiza. Hapo alama ya O kwenye spoketi ilipaswa kutazamana na kijikato cha hedi. Niliikuta imepita kwa jino moja. Jino moja tu, lakini linatosha kuzifanya valvu zifunguke na kufunga wakati usio wake.

Nililegeza cheni, nikarudisha spoketi mahali pake na kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuhakikisha alama zinarudi zilezile. Ndipo nikapima tapeti, yaani skrubu zinazosukuma valvu: ya egzosti ilikuwa na nafasi kubwa mno kati yake na valvu. Niliziweka zote mbili milimita 0.05, geji (kibapa chembamba cha kupimia) ikipita kwa kukwaruza kidogo, na nikashika skrubu isigeuke nilipokuwa nakaza nati, kwa sababu hapo ndipo kipimo huharibika.

Iliwaka kwa kiki ya pili.