Mwahesabu na mto haujashuka

Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa pili, nlipata kibarua cha siku mbili kule kriki ya Mwache, mkono wa bahari karibu na Mombasa ambako mto Mwache unaingilia. Kampuni flani (siitaji, sitaki maneno) ilikua inafanya tathmini ya athari za mazingira kwa bwawa lililopangwa huko juu mtoni. Kazi yenyewe ni kutupa fremu ya mbao ya mita moja kwa moja kwenye tope, unahesabu mashimo ya kaa, unahesabu miche ya miti ya mikoko, huu mkoko wenyewe, huu mkandaa, huu mchu, unaandika, unasonga hatua kumi unatupa tena, na jua la kaskazi liko utosini na tope limekufika magotini na kiatu kimoja kishamezwa.

Siku ya pili akapita mjombangu na mtumbwi. Shikamoo, marahaba, mwahesabu nini? Nkamwambia viumbe wote wa hapa mjomba, ili ijulikane mto ukiguswa nani ataumia. Akacheka mpaka akaweka kafi chini. "Mwanangu, mto wenyewe haujashuka. Nyinyi mwabisha hodi na mwenye nyumba hayuko."

Nlichukulia mzaha, lakini maneno yalinikaa. Manake kiangazi Mwache ni kijito tu, mwenye nyumba anakuja na masika halafu na vuli, maji mekundu yenye udongo yanaingia kriki, chumvi inapungua, kamba na samaki wadogo wanafuata chakula. Sasa ukihesabu Februari peke yake utasema hapa hakuna kitu, na hicho "hakuna kitu" ndo kitaandikwa.

Na si kwamba mafuriko yote ni mazuri. El Nino ya 1997 na 1998 ilishusha udongo mwingi sana Mwache, mikoko ikafa eneo kubwa. Mchu unapumua kwa vile vimizizi vinavyochomoza kwenye tope kama misumari, ukivifukia umeuziba pua. Kwahivo swali si mto ulete maji au usilete, ni kiasi gani, lini, na udongo kiasi gani, na hilo huwezi kulipata kwa fremu ya mbao siku mbili.

Mimi nlielewa vizuri nlipoenda Garsen, kwenye delta ya mto Tana, pale mto unapotawanyika kabla ya kuingia baharini. Mto Tana umezuiliwa huko juu kwa mabwawa matano ya umeme, Kindaruma lilianza 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988, na yako mamia ya kilomita kutoka delta, mtu aliyepima athari pale penye ukuta tu angeona nini cha Garsen? Lakini Wapokomo wanalima mpunga kwa kufuata maji yanayopanda na kushuka, Waorma wanaleta ng'ombe delta wakati kwengine kumekauka, na ile misitu ya kando ya mto, yenye mbega mwekundu na mangabi wa Tana ambao hawapatikani kwengine kokote duniani, inaishi kwa maji ya chini ya ardhi ambayo mto ndo unayajaza. Mkuyu mkubwa hauanguki mwaka ule bwawa linajengwa. Unabaki umesimama, unazaa, wale nyani wanakula, mtu wa tathmini anapita anaandika msitu upo, kumbe miche chini hakuna. Mimi hapo ndo ningeangalia kwanza, miche, si miti. Na delta hii tangu 2012 ni eneo la Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, yaani dunia nzima inajua thamani yake.

Sisi wa Mombasa maji twayataka, nani hajabeba mitungi hapa, siwezi kusema msijenge mabwawa. Ila mhesabuji aje masika, aje vuli, aje kiangazi, arudi mwaka wa pili, ateremke mpaka baharini, na awaulize wavuvi kabla hajatoa fremu kwenye gari.

Ripoti nliiona baadae. Jedwali la samaki lilikua fupi, tarehe juu yake Februari. Nkamuonesha mjomba kwenye simu, hata hakuisoma, aliniuliza tu kama pesa ya kibarua nlimaliziwa.

Ya siku ya pili bado nawadai.