Macho ya binzari

Aliyeona kwanza ni mteja. Nimemzungushia futi kifuani, kanyanyua mikono, akanitazama usoni kwa karibu. "Fundi, mbona macho yako yana rangi ya binzari?" Nikacheka. Nilidhani ni kitenge chake, maana kilikuwa cha njano ile ya kukera, kinamulika hadi kwenye bati. Usiku nikachukua kioo cha mume wangu cha kunyolea. Haikuwa kitenge.

Hiyo ni 2012, Morogoro, wiki ya tano tangu nianze ARV, dawa za kufubaza VVU. CD4 zangu, yaani chembe za kinga ya mwili, zilikuwa 312, na dawa nilizopewa zilikuwa na nevirapini ndani yake: wiki mbili za mwanzo nusu dozi, kisha dozi kamili. Nilikuwa nawashwa mwili mzima, chakula kikinuka tu natapika, nikajisemea mwili unaizoea dawa. Kumbe nevirapini ikiamua kuliumiza ini, mara nyingi inafanya hivyo ndani ya wiki 6 za kwanza, na wanawake wenye CD4 zaidi ya 250 ndio wanaoumia zaidi. Ukiwa na homa ya ini, hatari inapanda tena. Mimi nilikuwa nayo, homa ya ini B, na hakuna aliyekuwa amenipima. Walinipima uzito, mimba, wakaniuliza kikohozi. Hicho kimoja kikasahaulika.

Dawa zote zikasimamishwa. Ini lilipotulia nikaanzishiwa kidonge kimoja cha usiku chenye tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Efavirenzi na ndoto zake wanaijua walioinywa. Kuna usiku nilishonea samaki sare za shule hadi alfajiri. Ila ini halikulalamika.

Yaliyofuata ni makosa yangu mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi kila nikichoka kidogo nilijua ni ini. 2015 nikaenda kijijini msibani, mama mdogo akaniona nimekonda. "Mwanangu, vidonge hivyo vinakula ini. Lipumzishe kidogo." Akanichemshia mizizi, chungu kama nini. Nikapumzisha.

Mwezi wa pili tangu niache dawa, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Chini ya mbavu za kulia pakawa pazito, kama nimebeba jiwe. Macho, binzari tena. ALT, kile kipimo cha ini ambacho kwa kawaida hakizidi 40 na ushee, changu kilisoma 870.

Dokta hakunigombeza. Aliuliza tu, "Dada, dawa umeacha lini?" Nikasema siku hizo hizo nilizokuwa msibani. Akageuza karatasi ya majibu, akachora ini, likatoka kama embe dodo. Akaniambia tenofoviri na lamivudini hazipigani na VVU peke yake, zinakifunga pia kirusi cha homa ya ini B kilichojificha ndani ya ini. Hakijafa, kimefungwa. Ukiacha dawa ghafla kinazaliana, kisha kinga ya mwili inakuja kukisaka na kuziua chembe za ini zilizokihifadhi. Yaani miezi yote ile nilikuwa naiogopa dawa iliyokuwa inalilinda ini langu. Mizizi ya mama mdogo akaniambia niiache pia, hakuna ajuaye ina nini ndani. Mama mdogo mpaka leo sijamwambia. Alinipenda tu.

Mume wangu alipimwa homa ya ini B, hana, akachanjwa sindano tatu.

Siku hizi natumia kidonge cha TLD, tenofoviri na lamivudini zilezile, ila chenye dolutegraviri badala ya efavirenzi. Ndoto za samaki zimeisha, unene kiunoni umeongezeka, magauni yangu nayafumua mwenyewe. ALT napima, na dawa yoyote mpya, hata ya kuzuia kifua kikuu, nauliza kwanza ini langu litaipokeaje.

Na nyuma ya kadi yangu ya CTC, kliniki ya VVU, nimeandika kwa kalamu nyekundu: HOMA YA INI B. TENOFOVIRI ISISIMAMISHWE BILA KUULIZA. Nesi mpya aliisoma mwezi uliopita, akanitazama. "Mama, wewe ni daktari?"

"Fundi cherehani," nikamwambia.